Hati ya Mwisho ya Akech

Sehemu ya Tisa

Dereva hakuthubutu kuingiza gia.

Nani angethubutu? Mwanamke wa miaka hamsini na sita alikuwa amelala chali kwenye saruji ya uwanja wa mochari, kichwa chake karibu kugusa gurudumu la mbele. Ndani ya gari, ndani ya jeneza, alikuwemo binti yake Akech. Kando ya mlango alisimama Ooko, suti nyeusi, kibali cha mazishi mkononi, akimwambia dereva kwa mara ya pili, "Washa gari. Siaya ni mbali."

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi.

"Mathe, toka hapo," Ooko alisema. "Unajiaibisha."

"Nitoe wewe."

"Nimesema toka."

"Na mimi nimesema nitoe." Roseline hakuinua hata kichwa. "Si unasema wewe ni mkwe wangu? Haya, njoo unishike. Nivute mbele ya watu wenu wote hawa, waone mkwe niliye naye."

Ooko alipiga hatua moja. Mjomba wake akamkamata koti.

Msomaji uliyeolewa Ujaluoni unajua kilichomzuia. Mkwe hamgusi mama mkwe wake kwa mkono. Hata kusimama karibu naye anasimama kwa adabu. Ooko angemvuta Roseline kama gunia la makaa, angekuwa amesema kwa mikono yake mwenyewe kwamba yeye si mkwe tena. Na ukwe ndio uliompa kile kibali. Wanaume kumi na wawili wa ukoo wake walikuwa pale, wenye mabega ya kubeba jeneza, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumgusa mama wa kilo sitini.

"Kimeu!" Ooko alimwita mhudumu wa mochari. "Wewe ni Mkamba, haikuhusu hii. Mtoe huyu."

Kimeu alikunja mikono. "Mimi nabeba waliokufa. Huyu bado anaongea."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka.

Kimeu alichuchumaa kando ya gurudumu. "Mama, sikia. Mimi nafuata karatasi. Huyu ana cheti cha ndoa, ana kibali. Wewe una nini?"

"Walishaachana! Korti ya Makadara ilimpa mwanangu talaka!"

"Nionyeshe."

"Iko kwa wakili."

"Basi kailete. Nitalirudisha jeneza ndani hadi saa nane mchana. Saa nane ikifika bila karatasi ya korti, lala hata juu ya boneti, nitaita polisi."

Roseline aliinuka, mgongo mweupe kwa vumbi.

Tuseme wazi alichokuwa akipigania. Mwenye kumzika mke ndiye mume. Mume aliyetoa ng'ombe za mahari ndiye mwenye mtoto. Kule kijijini hakuna atakayeuliza zaidi ya hapo. Hawi, mjukuu wa miaka saba, angeondoka nyuma ya jeneza la mamake na asingerudi tena kwa nyanya yake mtaani Pipeline. Ooko alikuwa amemvunja Akech mkono mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya ugali uliopoa. Mikono ile sasa ingebaki na nani nyumbani? Na Hawi.

Asubuhi hiyo Roseline alikuwa amempeleka mtoto shuleni kama kawaida, asione vita. Kisha akaja kujilaza mbele ya gari.

*

Ofisi ya Wakili Elsie Amolo iko Mowlem, ghorofa ya kwanza, juu ya kinu cha kusaga unga. Kinu kikiwashwa meza hutetemeka, na wateja hulazimika kulia kwa sauti. Kibao cha mlangoni kinasema "Amolo na Wenzake, Mawakili". Wenzake hawapo. Yupo Musau peke yake, karani mstaafu wa korti, anayechapa kwa vidole viwili na kulalamika kwa vyote kumi.

Huyu Amolo tumemtaja wiki nyingi bila kumjua. Alizaliwa nyumba za reli za Muthurwa, babake akifanya kazi ya kuonyesha ishara kwa treni. Akawa karani wa kanjo, baraza la jiji, akaolewa. Siku moja mumewe akazirusha nguo zake kutoka ghorofani mtaa wa Jericho, majirani wakitazama. Wakili aliyemchukua alifika kortini akasahau jina lake. Amolo akaapa hatasahauliwa tena. Akaenda kusomea sheria akiwa na miaka thelathini na miwili na watoto wawili, darasani na vijana waliomwita "mamaa".

Miaka thelathini alifanya kazi ya talaka tu. Hakugusa kesi za mashamba wala za wezi. Alipofika sitini na minane, nyonga ikakataa ngazi. Akatangaza kustaafu, wakakata keki. Jumanne iliyofuata wanawake watano walikuwa wameketi kwenye ngazi wakimsubiri, mmoja akiwa na jicho lililovimba. Ndipo akaanza kufungua ofisi Jumanne na Alhamisi, siku hizo mbili tu.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja. Hakimu akitoa talaka, anatoa amri ya kwanza tu. Siku thelathini zinaachwa, pengine kuna mwenye pingamizi. Siku ya thelathini na moja wakili anaomba hati ya mwisho. Bila hati hiyo, mke bado ni mke. Wengi husahau. Amolo alikuwa mlangoni mwa korti siku ya thelathini na moja, homa iwe homa, mvua iwe mvua.

Roseline aliingia bila kubisha.

"Wakili, nipe hati. Nikamfunge yule mtu mdomo."

Amolo alivua miwani. "Keti, min Akech," alisema, yaani mama wa Akech.

"Sina wakati wa kuketi! Nimepewa hadi saa nane!"

"Hati haipo."

Kule chini kinu kilikuwa kinanguruma. Roseline alidhani hakusikia vizuri.

"Haipo vipi? Imepotea?"

"Haijawahi kuwepo. Sikuiomba."

"Zile siku thelathini ziliisha lini?"

"Hadi alipofariki, zilikuwa zimepita siku kumi na saba."

Roseline alishika ukingo wa meza.

"Umezeeka," alisema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Mungu wangu, umezeeka! Unafungua siku mbili kwa wiki kama kliniki ya meno! Mtoto wangu amekufa akiwa mke wa yule mnyama kwa sababu wewe ulikuwa nyumbani unapumzisha nyonga! Kwa nini hukukaa nyumbani kabisa? Kwa nini uliichukua faili yake?"

"Sema yote," Amolo alisema.

"Nimeuza samaki jua na mvua nikisema binti yangu ana wakili! Wakili gani wewe?"

"Sema, min Akech."

Lakini Musau alikuwa ameacha kuchapa.

"Mwambie, Wakili."

"Musau, nyamaza."

"Sinyamazi. Ametukana vya kutosha. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Akafungua faili, akachomoa karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule, akaiweka mbele ya Roseline. Mwandiko ulikuwa wa Akech, ile herufi ya K yenye mguu mrefu. *Wakili, tusubiri kwanza. Akech.*

"Alikuja siku ya thelathini na moja yenyewe," Amolo alisema. "Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda kortini. Nilimkatalia. Nikamwambia, mwanangu, mlango huu usiuache wazi hata siku moja. Akasema, 'Mama ameniomba. Siwezi kumkatalia mama.'"

Roseline aliivuta ile karatasi karibu. Alijikuta kitini.

Ndiyo, alikuwa ameomba.

Ng'ombe sita alizotoa Ooko hazikuwa za kukaa zizini. Mzee Ochola, mumewe Roseline, alikuwa ameshafariki, na ng'ombe za dada ndizo humletea kaka mke. Ndivyo ilivyo. Gordon, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa ameposa binti wa Ugenya, na ng'ombe zilikuwa zisindikizwe mwezi huu. Akech akiachika rasmi, Ooko angeweza kuzidai. Zikidaiwa, Gordon angekwenda ukweni na kamba tupu.

Basi mama akamketisha binti jikoni. "Subiri mwezi mmoja tu, nyathina, mwanangu. Ndugu yako amalize. Karatasi haiozi."

Karatasi haikuoza. Homa ya mapafu ilimchukua Akech kwa siku nne.

"Nilidhani hakunisikia," Roseline alinong'ona. "Aliondoka jikoni bila kunijibu. Nilidhani alikuja akaichukua tu. Wakili, nilidhani hakunisikia."

Amolo alivaa miwani.

"Nilipaswa kuiomba hata hivyo. Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa nyamaza, utalia baadaye. Musau! Ombi la dharura. Kuzuia mazishi. Andika sasa hivi, na ukikosea herufi usirudi nyuma."

"Mahakama siku hizi ni mtandao, Wakili. Mtandao wenyewe—"

"Uombee ukiwa unachapa."

*

Saa tano na nusu waliitwa mbele ya hakimu, Makadara. Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, na watu wote waliinama mbele ili wamsikie.

Upande wa Ooko kulikuwa na Wakili Thuo, kijana wa suti iliyokaa vizuri na tabasamu lililokaa vizuri zaidi.

"Mama Wakili!" alimnong'onezea Amolo. "Mjini walisema umestaafu."

"Nilistaafu. Watu kama nyinyi ndio mnanirudisha."

Nyuma, benchi ya kwanza, aliketi Gordon. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho cha kazi bado shingoni. Alimshika mamake bega. "Niko hapa, Mama. Usiogope."

Roseline hakuweza kumtazama.

Amolo alisema yake kwa dakika nne. Alitaja ndoa na kipigo, akataja mkono uliovunjwa mara mbili na amri ya kwanza ya talaka. Mtu aliyeshtakiwa kwa ukatili asikabidhiwe mwili wa aliyemshtaki.

Thuo alisimama. Hakuhitaji dakika nne.

"Mheshimiwa, namheshimu sana Mama Wakili. Lakini ana tatizo moja tu. Siku thelathini zilipita. Kumi na saba nyingine zikapita. Marehemu alikuwa hai, alikuwa na wakili, na wakili huyu anajulikana Eastlands nzima kwa kutokosa siku ya thelathini na moja. Kwa nini hati haikuombwa?" Akageuka ili benchi zote zimwone. "Kwa sababu mke alibadili nia. Alitaka kurudi kwa mumewe. Walikuwa wanapatana, Mheshimiwa. Kifo ndicho kilichowaingilia."

"Uongo!" Roseline alipaza sauti.

"Kimya," hakimu alisema. "Wakili Amolo. Hilo ndilo swali langu pia. Kwa nini?"

"Kosa ni langu, Mheshimiwa. Niliacha kuwasilisha."

"Ulisahau?"

Ile miaka thelathini yote ya kutokosa siku ilikuwa mdomoni mwa Amolo. Angesema ndiyo, uongo ungemaliza mambo vizuri.

"Hapana. Sikusahau."

"Basi marehemu alikuambia usubiri?"

"Ndiyo."

Watu walinong'ona. Thuo aliketi, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Alikuambia sababu?"

"Aliniambia. Lakini mimi ni wakili wa kesi hii, Mheshimiwa. Siwezi kuwa wakili na shahidi."

"Ni kweli, huwezi." Hakimu alichukua kalamu. "Kama hakuna mwingine anayeijua sababu hiyo, mahakama itaamini kwamba marehemu alikuwa akirudi kwa mumewe. Yuko mwingine?"

Amolo hakugeuka nyuma. Alitazama mbele tu. Kama mtu angejitokeza, angejitokeza mwenyewe.

Mama mmoja anaweza kufikiria mambo mangapi katika muda wa kuvuta pumzi mara tatu? Roseline aliuona mkono wa Gordon juu ya bega lake. Aliziona ng'ombe. Aliwaona watu wa Ugenya wakiambiana sokoni. Kisha akamwona Hawi akiwekewa ugali mezani na Ooko.

"Mimi," alisema.

Akapewa Biblia, akaapa.

"Ni wewe uliyemwambia marehemu asubiri?" hakimu aliuliza.

"Ni mimi."

"Alitaka kurudi kwa mumewe?"

"Afadhali angerudi tumboni mwangu. Hakutaka hata kusikia jina la mumewe."

"Kwa nini basi umwambie asubiri?"

Roseline alishika mbao za kizimba.

"Kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe za Ooko ndizo mwanangu Gordon anaoa nazo. Niliogopa zitadaiwa kabla hajamaliza. Nilimwambia Akech asubiri ndugu yake aoe kwanza. Akasubiri. Kila mara yeye ndiye alikuwa anasubiri. Alisubiri ada ya shule ili Gordon asome kwanza. Alisubiri daktari. Hakukataa hata siku moja." Akamnyooshea Ooko kidole. "Si yeye aliyetaka kuwa mke wa mtu huyu siku hizo kumi na saba. Ni mimi niliyemfunga. Mnifunge mimi. Lakini msimpe Ooko."

Thuo alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, niombe kumbukumbu ionyeshe kwamba shahidi amekiri ng'ombe za mteja wangu—"

"Wakili, leo sizungumzii ng'ombe. Keti."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kumbukumbu ilikuwa imeshaandikwa. Gordon alisimama. Alipita kando ya kizimba bila kugeuza shingo. Mlango ukafungwa nyuma yake bila kishindo. Afadhali angeubamiza.

Saa saba na robo hakimu alisoma uamuzi. Mwili usikabidhiwe Ooko. Mama ndiye atakayemzika.

Roseline alishinda kesi peke yake. Hakukuwa na mtu nyuma wa kumkumbatia.

*

Saa nane kasoro dakika tano Amolo na Roseline waliingia uwanja wa mochari. Ooko alikuwa amewatangulia kwa pikipiki. Wanaume wake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wakila mahindi.

Kimeu aliisoma amri, akaligusa kwa kidole jina la Ooko kwenye kitabu cha kukabidhi maiti kilicholala juu ya meza.

"Sawa. Karatasi ni karatasi. Nitamtoa huyu, nikuandike wewe. Gari lielekee wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi, Mama? Kitabu kinataka mahali pa kuzikia. Pakibaki wazi, sijakukabidhi. Na kama sijakukabidhi, jina ni lile lile la zamani."

Roseline alipiga simu. Iliita mara sita.

"Gordon, baba. Nimempata dada yako. Tunamleta kwa babako."

Kwenye simu zilisikika honi za barabarani.

"Gordon?"

"Nimeongea na wazee." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Wamekataa. Binti aliyetolewa ng'ombe hazikwi ndani ya dala, boma la babake. Wewe unajua."

"Nje ya ua, basi. Karibu na mto. Mtu mmoja, Gordon, futi sita tu!"

"Watu wa Ugenya wamenipigia, Mama. Wameshasikia. Unataka niende kubishana na wazee kwa ajili yako leo? Leo?"

"Si kwa ajili yangu. Ni Akech."

"Mngesubiri nimalize kuoa," Gordon alisema, akakata simu.

Roseline alibaki ameishika simu sikioni.

Ooko alikuwa amesikia. Alikuja, akasimama hatua tano, mikono nyuma, adabu tupu.

"Mathe, kwangu kaburi limechimbwa. Kushoto mwa nyumba, mahali pa mke. Padri yuko, maturubai yamefungwa. Wewe una nini? Karatasi?" Alitikisa kichwa kama mwenye huruma. "Utamzika kwenye karatasi?"

Na hapa nitasema ukweli hata kama utakuudhi. Roseline alifikiria. Kaburi lililochimbwa, nyimbo, watu. Mtoto wake alazwe kama watoto wa watu. Alimgeukia Ooko, na mdomo ukafunguka.

"Kamulu," Amolo alisema.

Wote walimtazama.

"Kimeu, andika Kamulu. Nina ploti huko. Futi hamsini kwa mia, nimezungushia seng'enge."

"Umejenga?" Kimeu aliuliza.

"Sikuinunua nijenge. Nilipoachika, kaka zangu waliniambia maneno hayo hayo ya Gordon. Nikaona nitafute mwenyewe pa kulala."

Roseline alielewa polepole. "Wakili. Hilo ni kaburi lako."

"Ni pana. Tutalala wawili."

"Nilikutukana asubuhi."

"Nilisikia. Kimeu, andika kabla sijabadili nia."

Kimeu aliandika. "Mwenye ploti?"

"Elsie Amolo."

"Uhusiano na marehemu?"

"Wakili wake."

"Hapa panataka jamaa."

"Basi andika wakili, herufi kubwa."

Kimeu akaandika. Akamgeuzia Roseline kitabu. "Mama, sahihi tatu. Hapa, hapa na hapa. Ya tatu ndiyo inayofuta jina la kwanza."

Roseline aliweka sahihi ya kwanza.

"Wakili," Ooko aliita.

Hakuwa na hasira. Ndicho kilichomfanya Amolo ainue kichwa. Ooko alikuwa amepanda nyuma ya pikipiki, mkono mmoja begani mwa mwendeshaji.

"Isome tena amri yako. Yote."

"Nimeisoma."

"Inasema mwili. Mwili, mwili, mwili. Mtoto yumo?"

Amolo aliifungua karatasi. Zilikuwa sentensi nne. Aliisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi ya kwanza. Ombi lilichapwa kwa dakika arobaini, kinu kikinguruma, na katika dakika zile arobaini hakuna aliyelitia jina la Hawi.

"Cheti chake cha kuzaliwa kina jina langu," Ooko alisema. "Mwalimu wake ananijua. Shule inafungua geti saa tisa. Zikeni aliyekufa, mathe. Mimi namfuata aliye hai."

Pikipiki ikaruka nje ya geti.

"Saa ngapi?" Roseline aliuliza. "Wakili, saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini na tano. Namba ya shule! Nipe namba ya shule!"

Amolo alipiga. Simu iliita tu. Akapiga tena. Iliita tu.

Roseline alitazama kitabu. Nafasi mbili zilikuwa bado nyeupe. Akatazama geti.

"Mama, malizia," Kimeu alisema. "Ni sahihi mbili tu."

"Akech atanisubiri," Roseline alisema, na kalamu ikaanguka kwenye saruji. "Atanisubiri tena."

Akavua viatu, akakimbia.

"Mama!" Kimeu alipaza sauti. "Mama, hujamaliza! Kitabuni jina bado ni la Ooko!"

Amolo aliinama kuiokota kalamu, nyonga ikakataa, akabaki ameshikilia meza. Alipoinua macho, wale wanaume kumi na wawili walikuwa wamesimama, wakikung'uta maganda ya mahindi kwenye suruali. Mjomba wa Ooko ndiye aliyefika mezani kwanza.

"Umesema mwenyewe," akamwambia Kimeu. "Jina ni letu. Fungua mlango."